Mwaka Tuliomwita Hamisi Maji

Asubuhi niliyoletewa habari kwamba Hamisi amefariki, redio ya jirani yangu ilikuwa inabishana habari za petroli. Hapa Tororo siku hizi ndiyo mazungumzo: petroli ya kuchanganywa na spiriti, ile inayopikwa kwa miwa na mihogo, ni neema au ni balaa? Mheshimiwa mmoja alikuwa anaisifu, anasema wakulima wa Iyolwa na Kisoko watalima mihogo hadi watajirike. Kijana wa bodaboda akapiga simu kumjibu, “Mzee, hiyo mafuta ya pombe itaua injini yetu. Nyinyi mnapanda gari ya serikali, mnajua nini?” Nikacheka kidogo. Halafu akaja mwingine, anapiga kutoka Malaba, akasema kwa kujiamini kabisa kwamba mwizi wa petroli hajifichi: “Chukua chupa, weka maji kidogo, mimina petroli, tikisa. Maji ikipanda, jua wamekuwekea maji.” Na mtangazaji, badala ya kumtafuta mtu aliyesoma mambo haya, akamshukuru. Nimesimama na kanga mkononi, najiandaa kwenda Kisoko mazikoni, na mtu ambaye hata sura yake siijui ananirudishia uongo ule ule uliommaliza Hamisi akiwa bado mzima. Na aliyeusema uongo huo mara ya kwanza katika mji wa Busia, tena kwa sauti kubwa, nilikuwa mimi.

Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hizo si habari za leo. Nianzie nilipokuwa na miaka kumi na tisa, naishi Busia upande wa Uganda kwa Mama Sauda, mjane aliyeuza petroli nyumbani kwake. Vituo vya mafuta vilikuwapo, lakini pampu zilikuwa mapambo. Petroli yote tuliyoichoma mwaka ule ilitoka Kenya, ndani ya mapipa, juu ya pikapu, kwa njia ambazo kila askari alizijua na kila askari alizisahau akishasalimiwa vizuri. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele tulilala, tulikula, tulipokea wageni. Cha nyuma kilikaa mapipa. Moto tuliwasha mbali, mwisho kabisa wa ua, lakini harufu haikujua mipaka. Wali ulinuka petroli. Chai ilinuka petroli. Nikisujudu, mkeka unanuka petroli. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mafuta pipani kwa mpira, kwa mdomo, na mara nyingi funda moja lilinitangulia kooni kabla sijawahi kutema. Basi mchana kutwa nabeua petroli juu ya sahani ya samaki, na Mama Sauda ananiambia, “Geukia huko, mwanangu, watu wanakula.” Mpaka leo nikimsikia mtu anasema anapenda harufu ya petroli, namwona si mzima.

Lakini kazi iliyonipa jina ilikuwa nyingine. Mimi ndiye niliyepima. Nilikuwa na chupa ya soda, ile nyeupe, nimeikwaruza mstari kwa msumari. Natia maji mpaka mstarini, najaza petroli mpaka shingoni, naziba kwa kidole gumba, natikisa, kisha naiweka kizingitini watu waione. Petroli na maji havichanganyiki, maji hushuka chini. Yakirudi pale pale mstarini, petroli ni safi. Yakipita mstari, maana yake maji ya ziada yametoka ndani ya pipa, na mwenye pipa ni mwizi. Hakuna aliyetufundisha; mpakani kila mtu alijua hivyo, na chupa haikuwahi kusema uongo. Wanaume wenye malori, wenye ndevu zao, walinyamaza kungoja kauli yangu. “Rehema amesema nini?” Na Rehema, msichana aliyeshindwa hata kumaliza sekondari, akisema “safi,” watu wananunua. Nilipenda mno. Nilianza hata kuchelewesha jibu makusudi, nainamisha kichwa, nafumba jicho moja, ili waningoje zaidi. Nikikumbuka ule mkogo wangu, najitemea mate.

Wengi walioleta mapipa walichukia kupimwa. Walininunulia sabuni ya kuogea ili nipime pipa wanalolitaka wao. Hamisi peke yake ndiye aliyeomba. Alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, Mjopadhola wa Kisoko aliyekulia mjini, mrefu, mpole, mwenye pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Akifika hashushi vitu kwanza. Anasimama katikati ya ua, anaita, “Pima, binti yangu. Pima mbele ya watu, roho yangu ilale.” Kisha anakaa mkekani, anakula nasi ugali wa mtama, anamkatia bintiye Salama, mtoto wa miaka sita, vipande vya samaki na kumtolea miiba mmoja mmoja. Watu walimtania kwamba angekuwa tajiri kama angejifunza kuiba kidogo tu. Yeye hucheka, anasema, “Mimi ni maskini mwenye usingizi.” Wateja walikuja kwa ajili yake. Wapo waliouliza kabisa, “Hii ni ya Hamisi?” na wakiambiwa siyo, wanasema watarudi kesho.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, ua umejaa. Hamisi alikuwa amepakia Kisumu safari ile, wakati wenzake bado walikuwa wanauza petroli waliyoiweka zamani. Akaita kama kawaida yake nipime mbele ya watu. Nikavuta mpira. Na hapa nataka nisijifiche: ulimi wangu uliniambia. Petroli ile ilikuwa na ladha nisiyoijua, baridi kali, na harufu kama ya pamba anayokusugulia nesi kabla ya sindano. Nilitema, nikafuta mdomo, nikaona ni mambo ya huko alikopakia. Nikatia maji mstarini, nikajaza, nikatikisa. Maji yakapanda kidole kizima juu ya mstari. Nikamwaga, nikarudia, yakapanda. Pipa la pili, yakapanda. Mtu mwenye akili angejiuliza: kwa nini ladha imebadilika? Maji hayana ladha ya sindano. Lakini watu mia wananitazama, na kinywani nina neno ambalo lingeuangusha mji mzima. Nikaiinua chupa juu, nikasema, “Iko maji! Ya Hamisi iko maji!” Na nilisikia raha, Mungu anisamehe, raha ile ya mtu aliyemkamata asiyekamatika.

“Hata Hamisi?” alisema mmoja. “Kumbe hata Hamisi!” Yusufu fundi, aliyekuwa akitengeneza pikipiki ng'ambo ya barabara, akaja na mikono yake michafu, akaitikisa chupa mwenyewe, akatazama, akasonya. Mama Sauda akaingia ndani akatoka na Msahafu umefungwa kitambaa cheupe. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu: ukishtakiwa mbele ya watu, unatia udhu, unakula yamini, maneno yanakwisha. Hamisi hakubisha. Alitia udhu pale pale uani, taratibu, kama mtu anayejua mwisho wake ni mzuri. Akaweka mkono, akasema, “Naapa kwa huu Msahafu, mimi sikuweka maji. Hata tone.”

“Hapana, si hivyo,” Yusufu akasema. “Apa kwamba mafuta hii haina maji.”

Hamisi akaigeukia chupa. Akaitazama muda mrefu. Salama alikuwa amemshika kanzu. “Hiyo siwezi,” akasema. “Maji naiona na macho yangu imepanda. Nitaapaje haipo? Pengine kuna mtu ameweka huko nilikopakia. Mimi nijue namna gani?”

“Ahaa!” Ua mzima ukalipuka. “Ameshindwa! Ameogopa Msahafu!” Mwongo yeyote wa Busia angeapa mara tatu, kisha akaomba chakula cha mchana. Yule aliyekuwa na hofu ya Mungu ya kutosha kukataa kuapia asichokijua, huyo ndiye tuliyemwita mwizi. Watoto wakaanza papo hapo, “Hamisi Maji! Hamisi Maji!” na hakuna mtu mzima aliyewanyamazisha. Alinigeukia mimi, hakunigombeza, akaniuliza tu, “Umeona sawasawa, binti yangu?” Nikamjibu kwa sauti ya juu ya kujishaua, “Chupa ndiyo imeona, si mimi.” Mama Sauda akayachukua mapipa yale kwa bei ya kutupa, kwa kuwa eti ni ya maji. Kesho yake akayauza kwa bei kamili. Malori yakaondoka vizuri, pikipiki zikaondoka vizuri, hakuna injini iliyokohoa. Na katika mji wote wa watu wanaojifanya wajanja, hakuna aliyesimama akauliza: petroli gani ya maji inayokwenda hivi? Mimi niliona. Nilimuuliza Mama Sauda, akaniambia nile chakula changu.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitia kinyaa zaidi. Haukupita mwezi, petroli ya mtu mwingine ikapandisha maji. Huyu alikuwa shemeji yake Yusufu. Nikaangalia, nikasema taratibu, “Imepanda.” Mama Sauda akasema chupa imechakaa, nitafute nyingine. Nikatafuta. Ikapandisha ya tatu, ya nne, hadi ikawa kila pipa linaloingia linapandisha maji, la mwizi na la mwaminifu. Ungetegemea mji ungesema, “Jamani, basi Hamisi tulimwonea.” Thubutu! Hakuna aliyeitisha Msahafu, hakuna mtoto aliyeimba. Hawawezi wote kuwa wezi, basi kupima kukaachwa, kimyakimya, kama watu wanavyoacha kumsalimia jirani. Wateja wakasema, “Leta tu, mama, siku hizi petroli ndivyo ilivyo.” Lakini Hamisi akipita sokoni bado ni Hamisi Maji, na pikapu yake imesimama mbele ya nyumba, magurudumu yanakwisha upepo, kwa sababu hakuna aliyetaka mzigo ulioletwa na mwizi.

Siri yenyewe tuliletewa na Barasa, karani wa kutoa mizigo upande wa Kenya, aliyekuwa akivuka kuja kula kwetu kwa kuwa Mama Sauda alijua kupika maharage ya nazi. Alikuwa anakula, anaongea, hana habari kwamba anaangusha nyumba. “Siku hizi kwetu petroli inachanganywa na spiriti ya miwa,” akasema. “Wanabishana magazetini kila siku. Wengine wanasema tutaokoa fedha za kigeni, wengine wanasema inakula mipira ya kabureta. Mimi sijui, mimi naona gari linakwenda.” Nikamuuliza, na nilijua jibu kabla sijamaliza swali, “Ukiitikisa na maji?” Akacheka. “Ah, hapo utapotea. Spiriti inapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Ikikutana nayo inaiacha petroli, inashuka kujiunga na maji. Utaona maji yameongezeka, kumbe ni spiriti imehama.” Kisha akanitazama, akaanza kunitania, “Kwani wewe si ndiye unayevuta kwa mdomo? Basi Rehema umekuwa mlevi miezi yote hii na mama hajui!” Nilitoka nje nikasukutua kwa majivu na ndimu mpaka ufizi ukatoka damu. Na hapo nilikuwa nalilia kinywa changu tu. Hamisi alinijia akilini baadaye, na hilo nalo linaniudhi.

Niliporudi ndani, Mama Sauda alikuwa ameacha kula. Barasa anamtuliza, “Mama, hiyo si ya kunywa, ni ya gari. Gari haliendi msikitini.” Yeye hakumsikiliza. Aliponiona akasema, na sauti yake sijaisahau, “Neno hili lisitoke mlangoni. Wenye malori wanaoswali wakisikia nauza pombe, watanihama wote. Na Hamisi watamrudishia heshima yake, aje akae hapa anitazame.” Nikasema, “Lakini Mama, tumemwonea.” Akasema, “Tumemwonea nani? Aliambiwa aape, akakataa mwenyewe.” Huyu alikuwa mwanamke anayeswali vipindi vitano. Baadaye alikwenda hata Hijja, akarudi Hajati, watu wakampokea kwa dufu. Mimi nami nilikwenda kupiga dufu. Simlaumu peke yake. Mimi nilikuwa na miguu, msikiti ulikuwa hatua mia mbili, na Ijumaa zilikuwa zinakuja kila wiki. Nilinyamaza kwa sababu nikisema petroli yote ina spiriti, basi na lile jicho langu watu walilolingojea lilikuwa upuuzi, na mimi ni msichana tu anayebeua petroli.

Mara moja nilijaribu. Mwisho wa mwaka ule nilisikia Hamisi anahama, anarudi Kisoko kulima. Nikaenda kwake asubuhi, bado na kanga yangu ya kazi. Vyombo vilikuwa nje: kitanda, sufuria, mkeka umekunjwa, jembe jipya lenye karatasi bado. Pikapu alikuwa ameiuza, anapakia kwenye gari la kukodi. Mkewe aliponiona aliingia ndani asitoke. Salama alinitazama kwa macho ya mtu mzima. Hamisi akaja akinifutia kigoda kwa kiganja, kama mgeni wa heshima. Maneno yote nilikuwa nayo, nimeyapanga njia nzima: Barasa amesema hivi, spiriti hufanya hivi, ulikuwa mkweli, twende wote msikitini. Nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi, kwa upole ule wake, “Umekuja kuniaga, binti yangu?” Nikasema ndiyo. Akanishukuru. Akanipa njugu kwenye karatasi nile njiani, nami nikazila.

Basi miaka imekwenda, nimeolewa, nimezaa, nimezeeka, na leo wanabishana tena redioni kama jambo jipya. Siku ya mazishi nilishindwa kusema. Nililia tu na wanawake, nikala, nikarudi Tororo na aibu yangu ikiwa palepale. Lakini siku ya arobaini nilikwenda nimekaza roho. Walikuwa wamefunga turubai, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dua imesomwa, sinia za pilau zimeanza kugawiwa. Nikamwomba shekhe ruhusa, akanipa, pengine kwa ajili ya mvi zangu. Nikasimama. Nikasema jina langu, nikasema mimi ndiye yule Rehema wa chupa, kwa Mama Sauda. Nikasema Hamisi hakutia maji kwenye petroli hata siku moja. Ile ilikuwa spiriti, nami nilijua mwaka ule ule, nikanyamaza. Niliyasema yote, na sikumtaja mtu mwingine wa kushirikiana naye lawama.

Kijana mmoja mwenye pikipiki akaniuliza kama bibi yake, “Sasa, Jaja, hii mpya wanayosema redioni, nayo itapandisha maji hivyo?” Mwenzake akamjibu kwamba cha kuogopa ni kabureta. Wa tatu akasema bei ya mihogo itapanda, yeye hana shida nayo. Wakashikana, mkono mmoja kwenye pilau, mwingine hewani, wanabishana. Jina la Hamisi likazama kati yao. Yusufu fundi, ambaye sasa hana jino hata moja, akanipungia mkono kunihurumia, akasema, “Keti, Mama. Ile maneno ya maji? Sisi tulisahau zamani sana.”

Salama alikuwa anapita na sinia. Ni mwanamke mzima sasa, na wajukuu anao. Alisimama. Hakunitazama mimi, alimtazama Yusufu.

“Nyinyi mlisahau,” akasema. “Baba yangu, kutoka mwaka ule mpaka tumemzika, hajakunywa maji mbele ya watu. Kiu ikimshika kwenye arusi, kwenye matanga, anatoka, anakwenda kunywa nyuma ya nyumba.”

Akaweka sinia chini mbele ya Yusufu, akaenda kuleta nyingine.